Je, antibiotiki za ugonjwa wa Lyme zianzwe kidogo kidogo?

Swali: Shikamoo daktari. Siku 12 baada ya kutoa kupe mguuni, pale alipouma palitokea duara jekundu likawa linapanuka kila siku. Daktari alisema ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria anayeenezwa na kupe, akaniandikia antibiotiki iitwayo doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na 100 jioni kwa siku 10. Usiku wa kwanza nilitetemeka, homa ikapanda, mwili wote ukauma na duara lenyewe likazidi wekundu. Niliogopa sana. Rafiki yangu ambaye amehangaika na Lyme kwa miaka akanipa ratiba yake: nifungue kapsuli nianze na robo, nipande kidogo kila wiki mpaka nifike dozi kamili baada ya miezi miwili hivi, halafu niongeze dawa ya pili, kisha ya tatu. Mwili ukichafuka, nishuke ngazi moja. Sasa nimeshakula robo kwa siku tano. Je, njia hii ni salama zaidi? Na kama siyo, nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa usiku ule. Hofu yako naielewa. Dawa umeimeza ili upone, saa chache baadaye unatetemeka kama mwenye malaria, nani asingeshtuka?

Lakini jibu ni hapana. Doksisaiklini ya Lyme huanza kwa dozi kamili siku ya kwanza na huendelea hivyo hadi siku ya mwisho. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, ulioandikwa kwa pamoja na vyama vya wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza, wa mishipa ya fahamu na wa magonjwa ya viungo, unatoa siku 10 za doksisaiklini kwa mgonjwa wa hatua yako. Ule wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2018, unatoa siku 21. Kuhusu urefu wa tiba wataalamu wanabishana, na hoja zipo pande zote mbili. Kuhusu namna ya kuanza hakuna ubishi: hakuna hata mmoja kati ya miongozo hiyo unaomwanzisha mgonjwa na robo.

Rafiki yako hakuitoa hiyo ratiba hewani, na wala simlaumu. Zipo dawa nyingi ambazo sisi wenyewe tunazipandisha taratibu: za kifafa, za sonona, nyingi za shinikizo la damu. Dawa hizo kazi yake ni kubadilisha utendaji wa mwili wako wewe, ubongo wako, mishipa yako, na mwili unahitaji muda kuizoea. Antibiotiki haikulengi wewe. Inamlenga mdudu, na huyo hatutaki azoee chochote.

Doksisaiklini hufanya kazi kwa kuziba kiwanda ambamo bakteria hutengeneza protini zake. Haimuui papo hapo. Inamfunga mikono, kisha kinga yako inammaliza. Ili imfunge, lazima kiwango chake kwenye damu na kwenye ngozi kivuke kima fulani na kibaki juu ya hapo. Chini ya kima hicho Borrelia, yaani bakteria wa Lyme, anaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo ukila robo ya dozi usidhani unapata robo ya tiba. Huenda usipate tiba kabisa, ilhali tumbo lako linapata usumbufu uleule wa kumeza dawa.

Kwa amoksisilini, dawa anayopewa asiyeweza kutumia doksisaiklini, hali ni mbaya zaidi. Nusu yake hutoka mwilini kwa takribani saa moja, na ndiyo maana huliwa mara tatu kwa siku. Ukiipunguza, saa ambazo dawa iko juu ya kima zinapungua, na kwa dawa za jamii ya penisilini saa hizo ndizo zinazoamua kila kitu.

Tena mwili tayari unakupandishia doksisaiklini taratibu bila kuombwa. Dawa hii hukaa muda mrefu. Nusu yake huchukua saa kama 18 kutoka. Dozi ya jioni inaikuta sehemu ya ile ya asubuhi, na kiwango kinaendelea kujijenga kwa siku tatu hivi mpaka kitulie. Kwa sababu hiyohiyo, kwa maambukizi mengi tunaanza kwa miligramu 200 siku ya kwanza, halafu tunashuka. Yaani wafamasia waliofikiria namna ya kuanza waliamua kwenda upande ulio kinyume kabisa na ratiba uliyopewa.

Utasikia pia watu wakisema kwamba dozi ndogo itamfanya Borrelia kuwa sugu. Sitaitumia hoja hiyo, ingawa ingenisaidia, kwa sababu usugu wa Borrelia dhidi ya doksisaiklini si tatizo tunaloliona kwa wagonjwa. Bakteria wa utumbo wako na wa ngozi yako ndio wanaojifunza usugu ukiwapa dawa hafifu kwa miezi. Kwa Lyme yenyewe hasara ni ya namna nyingine: ni muda unaopotea.

Na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi na ratiba hiyo. Duara lako ni dalili kwamba bakteria bado wako zaidi kwenye ngozi, au ndiyo kwanza wanaanza kutoka. Kutoka hapo, katika wiki chache hadi miezi michache, wasipozuiwa, wanaweza kufika kwenye neva wakakupooza upande mmoja wa uso, wakaingia kwenye utando wa ubongo, au wakavuruga umeme wa moyo kiasi kwamba mapigo yanakuwa ya polepole mno. Baadaye huja viungo, hasa goti linalovimba maji. Ratiba ya miezi miwili ya kupanda ngazi inaangukia ndani ya dirisha hilo hilo. Ungefika kwenye dozi kamili wakati ambapo, bila tiba, madhara yale yanaanza kujitokeza. Na ugonjwa ukishafika huko tiba hurefuka: wiki mbili hadi tatu kwa neva, siku 28 kwa viungo, na wengine hulazwa kwa antibiotiki ya kwenye mshipa iitwayo seftriaksoni. Leo unaweza kumaliza mambo kwa kapsuli 20.

Sasa tuje kwenye ule usiku.

Kilichokupata kinaitwa mmenyuko wa Jarisch-Herxheimer. Adolf Jarisch aliueleza mwaka 1895 na Karl Herxheimer mwaka 1902, wote wakiwa wanatibu kaswende kwa zebaki. Bakteria wa kaswende, wa Lyme na wa homa ya papasi ni wa ukoo mmoja, wenye umbo lililojisokota kama skrubu. Dawa ikiwapiga kwa wingi, vipande vya kuta zao humwagika na kinga ya mwili inavipokea kwa kelele: homa, baridi, maumivu ya misuli, kichwa, na upele kuiva zaidi. Kwa Lyme ya mapema huwapata takribani asilimia 15 ya wanaotibiwa. Huanza ndani ya saa 24 za kwanza, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Paracetamol, maji ya kutosha na kitanda vinatosha. Hauhitaji kusimamisha dawa. Mwongozo wa NICE unasema wazi kwamba mgonjwa aelezwe aendelee nayo. Kosa, kama lipo, ni kwamba hukuambiwa mapema. Mgonjwa aliyeonywa kwamba huenda akatetemeka usiku wa kwanza hulala na kuamka akiendelea na tiba, na asiyeonywa anaanza kutafuta ushauri kwingine. Wenzangu tunapoandika doksisaiklini kwa haraka tunalisahau hili mara nyingi mno.

Je, kuanza kidogo kungeuzuia? Swali hili lina historia ndefu, na siwezi kulipita haraka. Penisilini ilipoingia kwenye tiba ya kaswende katika miaka ya 1940, madaktari walijaribu kuanza na dozi ndogo ili wauepuke mmenyuko huu. Haikusaidia, kiasi kidogo tu kilitosha kuuwasha. Kwenye homa ya kujirudia inayoenezwa na chawa, ambako mmenyuko huja kwa ukali unaoweza kuua, utafiti wa Ethiopia ulilinganisha tetrasaiklini na penisilini inayotoka polepole mwilini. Ile ya polepole ilileta mmenyuko mpole kidogo lakini uliovutika zaidi, na kwa ujumla wagonjwa wanaotibiwa kwa penisilini katika homa hiyo hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo wazo la rafiki yako lina punje ya ukweli: ukiwaondoa bakteria taratibu, kelele inaweza kupungua kidogo. Gharama yake ni kwamba huwaondoi wote. Na huko tunazungumzia ugonjwa ambao damu imejaa bakteria na mgonjwa anaweza kuzimia kitandani, ambako pengine ungekuwa na sababu ya kubembeleza. Lyme haina bakteria wengi namna hiyo kwenye damu. Usiku mmoja wa homa haustahili kulipiwa kwa miezi miwili ya tiba nusunusu.

Kilichowahi kuupunguza mmenyuko huo kwa kiasi cha kuonekana, katika utafiti mwingine wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1996, ni kingamwili maalumu zilizozuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF, zikitolewa kabla ya penisilini. Dozi ya penisilini yenyewe haikuguswa. Hiyo si tiba ya kupewa mtu mwenye duara mguuni, lakini inaonyesha tatizo liko wapi: liko kwenye mwitikio wa mwili.

Kuna mahali pamoja ambapo antibiotiki hupandishwa kwa ngazi kihalali, nikutajie usije ukaambiwa nimeficha. Mtu mwenye mzio wa kweli wa penisilini ambaye hana dawa mbadala huweza kulazwa, akapewa vipimo vidogo sana vinavyoongezwa hatua kwa hatua mpaka mwili ukubali dozi kamili. Hufanyika kwa saa kadhaa, chini ya macho ya wauguzi, adrenalini ikiwa mezani. Lengo ni kufika dozi kamili siku hiyohiyo. Haifanani kabisa na kufungua kapsuli nyumbani.

Sehemu ya ratiba inayonitisha kuliko robo ya kapsuli ni ile inayosema kila mwili ukichafuka ushuke ngazi, kwa maana kwamba huo ni mmenyuko uleule. Ukishakubali kanuni hiyo umejifungia mlango. Ukijisikia vizuri, dawa inafanya kazi. Ukijisikia vibaya, bakteria wanakufa, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Hakuna hali itakayokuambia kwamba kitu fulani kimeharibika. Mmenyuko wa Jarisch-Herxheimer ni wa siku ya kwanza. Hali mbaya ya wiki ya tatu au ya sita ina jina lingine, na ni kazi ya daktari kulitafuta.

Majina hayo mengine ni haya. Homa kali inayoendelea zaidi ya saa 48 baada ya kuanza dozi kamili inanifanya nishuku kwamba kupe yule alileta mgeni wa pili. Kupe wa jamii ya Ixodes hubeba pia Anaplasma, ambaye doksisaiklini humtibu, na Babesia, ambaye hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu kama vimelea vya malaria na doksisaiklini haimtibu. Huyo hutibiwa kwa azithromaisini pamoja na atovakuoni. Ukidhani homa ya Babesia ni bakteria wa Lyme wanaokufa, utaivumilia wakati chembe zako za damu zinapasuka. Vipele vya kuwasha vilivyovimba, midomo kuvimba au kifua kubana ni mzio: dawa inasimama na unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Kuhara maji mara nyingi kwa siku, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa, kunaweza kuletwa na bakteria wa utumbo aitwaye Clostridioides difficile, na kunahitaji kipimo. Kichwa kuuma mfululizo huku macho yakiona ukungu kunaweza kuwa shinikizo ndani ya fuvu, madhara adimu ya doksisaiklini lakini yasiyosubiri. Ngozi kuungua baada ya muda mfupi juani ni ya kawaida kwa dawa hii. Na maumivu makali nyuma ya kidari unapomeza ni kapsuli iliyokwama na kuchoma umio.

Hilo la mwisho linakuhusu moja kwa moja. Unapoifungua kapsuli ya doksisaiklini, unatoa unga wenye asidi kwenye ganda lililowekwa kukulinda. Unga huo unachoma. Isitoshe robo ya unga kwa kukadiria kwa kisu haijawahi kuwa robo. Leo unakula kidogo, kesho unakula karibu nusu.

Kuhusu ngazi za juu za ratiba, yaani dawa ya pili na ya tatu kwa miezi, nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu rafiki yako huenda yumo humo sasa. Wapo watu, inakadiriwa asilimia 5 hadi 10 ya waliotibiwa vizuri, ambao uchovu, maumivu na ukungu wa akili huendelea kwa zaidi ya miezi sita. Hawaigizi. Swali lililojaribiwa ni kama antibiotiki zaidi zinawasaidia. Mwaka 2001 Marekani ilijaribu siku 30 za seftriaksoni ya mshipani, kisha siku 60 za doksisaiklini, dhidi ya dawa za kufananishia zisizo na kitu ndani. Hapakuwa na tofauti. Jaribio la 2003 liliona uchovu umepungua kwa baadhi, lakini uwezo wa kufikiri haukubadilika. La 2008 lilitoa wiki 10 za seftriaksoni. Kumbukumbu ikaonekana kupanda kufikia wiki ya 12, na kufikia wiki ya 24 faida ikawa imeyeyuka. Uholanzi, mwaka 2016, wagonjwa 280 walipewa wote wiki mbili za seftriaksoni, kisha wakagawanywa kwa wiki 12 za doksisaiklini, au klarithromaisini pamoja na haidroksiklorokwini, au dawa za kufananishia. Mwisho wa safari maisha yao yalikuwa sawasawa.

Kwa upande mwingine wa mizani yapo madhara ya tiba yenyewe. Seftriaksoni inaweza kutengeneza mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mrija unaokaa mshipani kwa miezi huingiza bakteria na fangasi kwenye damu. Mwaka 2000 lilichapishwa tukio la mgonjwa aliyefariki kwa maambukizi ya mrija huo baada ya zaidi ya miaka miwili ya antibiotiki kwa Lyme ambayo haikuwa hata na uthibitisho. Wakati huohuo tiba ya hatua yako inazidi kufupika: utafiti wa Slovenia uliochapishwa 2023 ulikuta kwamba kwa duara pekee, siku 7 za doksisaiklini hazikuwa duni kuliko 14. Sikushauri ukomeshe siku ya saba, fuata ulichoandikiwa. Nataka tu uone sayansi inaelekea wapi.

Usiruhusu pia mtu akupime kingamwili kila mwezi ili ajue uongeze ngazi au la. Kingamwili za Lyme hubaki kwenye damu kwa miaka baada ya kupona. Kipimo kinachosema ndiyo baada ya tiba kinakueleza tu kwamba uliwahi kuugua.

Ikiwa tatizo lako ni kwamba dawa inakuchafua tumbo, hapo tuna mengi ya kufanya bila kugusa dozi. Uile pamoja na chakula. Doksisaiklini huvumilia chakula vizuri. Iepushe na maziwa, madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia kwa angalau saa mbili, kwa sababu huishika tumboni ikatoka bila kufyonzwa, na hapo unakuwa umejipunguzia dozi bila kujua. Meza kwa glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa, usiimeze ukiwa unapanda kitandani. Vaa mikono mirefu juani. Ukitapika pamoja na yote hayo, omba kubadilishiwa: amoksisilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, au sefuroksimu miligramu 500 mara mbili, kwa siku 14, ni tiba kamili na si daraja la pili. Kama una ujauzito au unadhani unao, mwambie daktari kabla ya kapsuli inayofuata. Huko amoksisilini ndiyo tunayoanza nayo.

Sasa ufanye nini? Leo hii mpigie aliyekuandikia dawa, umweleze bila aibu kwamba kwa siku tano umekula robo. Nikiwa mimi ningekurudisha kwenye miligramu 100 asubuhi na jioni mara moja, na ningeanza kuhesabu siku 10 kutoka hapo, bila kuzihesabu zile tano. Usilipize kwa kula mbili mbili. Homa ya usiku wa kwanza inaweza kurudi au isirudi. Weka Paracetamol karibu na umwombe mtu alale nyumba moja nawe. Mwambie pia daktari, hata kama hakukuuliza, iwapo katika siku hizi tano umeona upande wa uso umelegea, shingo imekakamaa, moyo unaruka mapigo, umezimia au umekaribia kuzimia, au madoa mengine mekundu yametokea mbali na lile la kwanza. Lolote kati ya hayo linabadilisha tiba, na mengine yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyohiyo.

Duara litafifia ndani ya siku hadi wiki kadhaa, na linaweza kuonekana hata baada ya kapsuli ya mwisho. Hilo peke yake si sababu ya kuongezewa dawa. Kapsuli ulizokwisha kufungua zipeleke kwa mfamasia azitupe, na umwombe daktari akuandikie nyingine za kufidia, kwa sababu ulizobakiwa nazo hazitatosha siku 10.